Mficha Uchi Hazai: Bwana Stevens Kitabuni na Senemani

Ipo kauli iliyozoeleka mno, hata imekuwa kama hukumu iliyokwisha kukatwa na isiyo rufaa, kwamba filamu ya The Remains of the Day, iliyoongozwa na James Ivory na kutolewa mwaka 1993, imeitendea haki riwaya ya Kazuo Ishiguro yenye jina hilo hilo. Wenye kusema hivyo hawakosi la kuegemea. Anthony Hopkins na Emma Thompson wamecheza kwa ufundi usiotiliwa shaka. Nyumba ni ya fahari, mavazi ni ya zama zake, na mazungumzo mengi yamechotwa kitabuni. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo 8 za Oscar, ijapokuwa haikuondoka na hata moja. Kauli hiyo huandamana na nduguye: kwamba hadithi yenyewe ni ya mapenzi ya waungwana wawili waliozuiliwa na staha, na kwamba uzuri wake umo katika kunyamaza kwao.

Kauli zote mbili ni potofu, na upotofu wa pili ndio uliouzaa wa kwanza. Riwaya ya Ishiguro, iliyochapwa mwaka 1989 na kupata Tuzo ya Booker mwaka huo huo, si hadithi ya staha. Ni hadithi ya mtu ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini aliidanganya nafsi yake, na akaufanya uongo huo kuwa kazi, kisha akaifanya kazi hiyo kuwa dini. Filamu imeuchukua uongo huo ikauosha, ikaufukiza udi, kisha ikaukabidhi kwa watazamaji kwa jina la huzuni. Aliyeiona filamu bila ya kukisoma kitabu huenda akalia. Lakini hatoki senemani akiwa na shaka juu ya nafsi yake mwenyewe. Msomaji wa kitabu hana salama hiyo.

Msimulizi wa riwaya ni Stevens, mtumishi mkuu wa kasri la Darlington Hall. Mwaka ni 1956, mwezi ni Julai. Bwana wake wa zamani, Lord Darlington, amekwisha kufa kwa fedheha, na nyumba imenunuliwa na Mmarekani aitwaye Farraday. Tajiri huyu mpya anamshauri Stevens achukue gari yake na kwenda matembezi kidogo. Stevens anakubali, lakini anajitafutia sababu. Nyumba ina watumishi 4 tu, mpango wa kazi una kasoro, na imetokea kwamba Bi Kenton, aliyekuwa msimamizi wa watumishi wa kike kabla ya vita, ameandika barua. Labda barua hiyo inaashiria kuwa ndoa yake imevunjika na kwamba angependa kurudi kazini. Basi safari ya kwenda Cornwall ni safari ya kikazi. Ndivyo anavyosema Stevens. Anasema mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila anaporudia ndivyo msomaji anavyozidi kutambua kwamba mtu haapi mara tatu kwa jambo ambalo hakuna aliyemshuku nalo.

Hapo ndipo penye roho ya kitabu. Msomaji hapewi jambo lolote pasi na kupitia kinywa cha Stevens. Barua ya Bi Kenton haijapata kusomwa yote kwa msomaji. Stevens anadokoa sentensi hapa na pale, anaigeuza geuza, anaisoma upya usiku katika vyumba vya kulala wageni, na kadiri safari inavyosonga ndivyo anavyokiri, kwa shingo upande, kwamba huenda maneno aliyodhani yamo hayamo. Upweke wake haukutajwa kwa jina. Unaonekana katika namna mtu mzima anavyoikamua karatasi moja siku baada ya siku ili imtoe tone la matumaini.

Filamu inafanya nini na barua hiyo? Inafunguka kwa sauti ya Emma Thompson akiisoma. Kabla mtazamaji hajatulia kitini, amekwisha kumsikia Bi Kenton kwa sauti yake mwenyewe, yenye upole na yenye kumbukumbu njema. Hakuna tena fumbo la kufumbua wala jicho la Stevens la kulitilia shaka, na hakuna karatasi ya kukamuliwa. Kilichokuwa ushahidi wa kujidanganya kimegeuzwa kuwa tangazo la mapenzi. Kosa hili si dogo, wala si la kiufundi tu. Tangu dakika zile za mwanzo mtazamaji ameambiwa kwamba mapenzi yapo, yanajulikana, na kinachosubiriwa ni kuona kama yatatamkwa au hayatatamkwa. Riwaya iliuliza kama mtu anaweza kuishi umri mzima bila ya kuijua haja ya moyo wake. Filamu inauliza kama atathubutu kuisema. Maswali hayo mawili yako mbali mno. La pili limekwisha kuulizwa katika hadithi elfu za mapenzi, na la kwanza halina wengi waliolithubutu.

Msomaji na azingatie tofauti ya pili. Njiani gari ya Stevens inaishiwa mafuta, naye analala katika kijiji kimoja cha Devon. Wanakijiji wanamdhania kuwa ni bwana mkubwa, naye hawakanushi. Anawaachia waamini kwamba alikuwa mtu wa shughuli kubwa, na kwamba amepata kukutana na akina Churchill na Eden. Asubuhi, tabibu wa kijiji, Dakta Carlisle, anamrudisha kwenye gari yake na kumgundua kuwa ni mtumishi. Katika kitabu, Stevens anashusha pumzi kwa kuondokewa na mzigo wa kujisingizia, basi. Moyo wake unabaki umefungwa kama ulivyokuwa. Katika filamu, Stevens anamwambia daktari kwamba yeye naye, kwa upande wake mdogo, alifanya kosa lake, na kwamba yumo safarini kwenda kujaribu kulirekebisha. Mtu asemaye maneno hayo hajidanganyi. Anajua alichopoteza, anajua kiko wapi, na amepanda gari kukifuata. Ni mpenzi aliyechelewa. Wapenzi waliochelewa wanastahili kuhurumiwa, lakini Stevens wa Ishiguro si mmoja wao, maana yeye amefika hadi Cornwall akiwa bado anajadili mpango wa kazi za watumishi.

Tofauti ya tatu ndiyo inayouma zaidi. Kitabuni Stevens anakumbuka kwamba aliwahi kusimama ukumbini nje ya mlango wa Bi Kenton, akiwa na yakini kwamba ndani ya chumba mwanamke huyo analia. Hakubisha mlango. Mwanzo anaieleza kumbukumbu hiyo kuwa ni ya siku ambayo Bi Kenton alipata khabari ya kufiwa na shangazi yake, aliyekuwa kwake mfano wa mama. Kurasa nyingi baadaye anarudi na kujisahihisha: la, haikuwa siku hiyo. Ilikuwa ni usiku ule ambao Bi Kenton alimjulisha kwamba amekubali kuolewa na mtu mwengine, na yeye Stevens akampa pongezi za kikazi na kurudi ghorofani kuwahudumia wageni. Kumbe akili yake ilikichukua kilio kilichosababishwa na yeye mwenyewe, ikakihamishia kwenye msiba ambao yeye hana lawama nao. Ushahidi wa kujidanganya ulio wazi kuliko huo hauhitajiki, na Ishiguro ameuweka bila ya kupiga baragumu. Msomaji asiye makini hupita bila ya kuuona.

Katika filamu mlango unafunguliwa. Stevens anaingia, anamkuta Bi Kenton akilia, na badala ya kumfariji anamtajia vumbi ambalo halikufutwa. Ni onyesho zuri. Watazamaji wengi hulikumbuka kuliko mengine. Lakini limegeuza hati ya mashitaka kuwa tukio la kusikitisha. Mtazamaji anamwona mwanamume aliyefungika ulimi. Hamwoni mwanamume ambaye, miaka ishirini baadaye, bado anaichezea kumbukumbu yake ili isimhukumu.

Watetezi wa filamu wana jibu lao, na jibu lenyewe ni la kuheshimiwa. Husema kuwa kamera haina uwezo wa kuingia moyoni; kitabu husimulia kwa sauti ya ndani, filamu huonyesha vya nje; basi si haki kuidai filamu kile ambacho chombo chake hakikijui. Jibu hili linabomolewa na historia ya filamu yenyewe. Mwaka 1950 Akira Kurosawa alionyesha katika Rashomon tukio moja likisimuliwa kwa namna zinazopingana, na kamera ikaupiga picha uongo wa kila msimulizi kwa uwazi ule ule inaoupigia ukweli. Kamera, kwa hiyo, inajua kudanganya, na inajua kumwonyesha mtu akijidanganya. Ingewezekana kabisa kumwonyesha Stevens akisimulia hivi na picha ikaonyesha vile. Ingewezekana kulionyesha onyesho la mlango mara mbili, kila mara kwa siku nyengine. Waliotengeneza filamu hawakushindwa na chombo. Walichagua. Wakaona kwamba watazamaji watakuja kwa wingi zaidi kumlilia mtu mwenye haya kuliko kumchunguza mtu mwenye uongo.

Insafu inadai kusemwa kwamba yapo mahali filamu imefikia ilipokusudia. Onyesho la kitabu ni mojawapo. Bi Kenton anaingia katika chumba cha kazi cha Stevens jioni, anamkuta akisoma, anataka kujua anasoma nini, naye anakibana kitabu kifuani kama mtoto aliyeshikwa na sukari mkononi. Bi Kenton anavibandua vidole vyake kimoja kimoja. Kitabu chenyewe ni hadithi ya mapenzi ya kawaida kabisa, na Stevens anajitetea kwamba anakisoma ili kuikuza lugha yake. Hopkins, akiwa amesukumizwa kwenye pembe, mkono wake ukielea hewani karibu na nywele za mwanamke asiweze kuzigusa wala kujiondoa, anaonyesha kwa uso mtupu yale ambayo kitabu kinahitaji kurasa kuyaonyesha. Hapo filamu imesema kweli juu ya haja. Lakini haja peke yake si kisa hiki. Kisa hiki ni haja pamoja na hila zinazotumika kuifukia, na hila ndizo zilizoachwa nje.

Kuachwa huko kunadhihirika zaidi katika kifo cha baba. Mzee Stevens, aliyekuwa mtumishi mkuu mashuhuri katika siku zake, ameletwa Darlington Hall uzeeni kama msaidizi. Anaanguka na sinia bustanini, anapunguziwa kazi, na hatimaye anapatwa na kiharusi wakati nyumba imejaa wageni wa mkutano wa siri wa kuitetea Ujerumani. Kitabuni mkutano huo ni wa Machi 1923. Filamu imeusogeza hadi miaka ya 1930. Mzee anakufa juu, mwanawe yuko chini anamimina mvinyo. Mgeni anamuuliza kama hajambo. Anajibu kuwa ni uchovu wa siku. Haya yote yamo katika filamu, na yamechezwa vyema. Kisichokuwamo ni hitimisho la Stevens mwenyewe. Kitabuni, miaka thelathini na zaidi baadaye, anaukumbuka usiku ule na kusema kwamba, pamoja na huzuni zake, kila aukumbukapo hujiona ameshinda. Amefaulu mtihani wa hadhi. Neno hilo la ushindi ndilo linalomgandisha msomaji damu, maana linathibitisha kwamba si kazi iliyomnyang'anya baba yake. Ni yeye aliyemtoa baba yake sadaka na akafurahia thawabu. Pasipo neno hilo, Stevens wa filamu ni mja aliyeonewa na mazingira. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Stevens aliumbuliwa na kifo, naye akakigeuza kifo kuwa nishani.

Hapo ndipo linapozuka suala la siasa, ambalo wapenzi wa filamu hulihesabu kama mapambo ya nyuma ya hadithi. Lord Darlington si mwovu wa kuzaliwa. Ni bwana mwenye huruma aliyeona kuwa Mkataba wa Versailles wa 1919 umemwonea adui aliyeshindwa, na akaanza kuwafanyia wema Wajerumani. Wema huo ukamfikisha kumkaribisha Ribbentrop mezani mwake. Mwaka 1932, kitabuni, anamwamuru Stevens awafukuze kazi wasichana wawili, Ruth na Sarah, kwa sababu ni Mayahudi. Katika filamu wasichana hao ni wakimbizi kutoka Ujerumani, nao wanaitwa Elsa na Irma. Bi Kenton anapinga kwa ukali na kutishia kuacha kazi. Stevens anatekeleza amri. Bi Kenton haachi kazi; baadaye anakiri kwamba alikuwa mwoga, kwamba hakuwa na pa kwenda, kwamba ulimwengu wa nje ulimtisha kwa upweke wake.

Kisha hufuata onyesho ambalo ndilo kitovu cha riwaya. Muda mrefu umepita, Lord Darlington amejuta na kusema haikuwa sawa. Stevens anamletea Bi Kenton khabari hizo kwa bashasha, kana kwamba yeye naye alikuwa akisononeka muda wote huo. Bi Kenton anashtuka. Anataka kujua ni kwa nini hakumwambia wakati ule, maana kujua kwamba na yeye anaumia kungekuwa faraja kubwa kwake. Anamuuliza kwa nini daima lazima ajifanye. Katika suala hilo moja mna mapenzi, mna siasa na mna uongo, na haiwezekani kuvitenga. Mkono ule ule uliowafungulia mlango Ruth na Sarah watoke ndio uliomfungia mlango Bi Kenton asiingie. Mtu aliyejifunza kuiambia dhamiri yake kwamba si mahala pake kusema, hujifunza pia kuuambia moyo wake kwamba si mahala pake kupenda. Huo ni utaratibu mmoja wa nafsi, na Ishiguro ameuonyesha ukifanya kazi jikoni na Ulaya nzima kwa wakati mmoja. Filamu imeviweka vitu hivi viwili ubavu kwa ubavu; siasa upande huu, mapenzi upande ule, na mtazamaji anaruhusiwa kuchagua kinachomliza.

Sasa yafaa kuikabili hoja inayopendwa zaidi na baadhi ya wasomaji wa Kiswahili, kwamba Stevens ni kielelezo cha staha waliyokuwa nayo wazee na ambayo vijana wameipoteza. Mtu hasemi kila lililomo moyoni. Heshima ni kujizuia. Nyumba ina mambo yake na hayatoki nje. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linalomhusu Stevens.

Lugha ya Kiswahili ina maneno ambayo Kiingereza kinayahitaji sana kwa ajili ya riwaya hii. Hadhi, ambayo Stevens anaijadili kurasa na kurasa, ni cheo cha mtu mbele ya macho ya watu. Heshima hutoka kwa mtu kwenda kwa mwengine na kurudi. Haikai upande mmoja. Staha ni haya yenye adabu. Na liko neno stara, ambalo ni la thamani kuliko yote: kumsitiri mtu, kuifunika aibu ya mwenzio ili asifedheheke. Mke humsitiri mume, jirani humsitiri jirani, na mwenye kusitiri hujua vyema kile anachokisitiri. Hiyo ndiyo tofauti. Anayestiri anauona uchi na anaufunika kwa hisani. Stevens anakataa kuuona. Hakumsitiri Bi Kenton alipolia, alimwacha alie. Hakumsitiri bwana wake pia, kwani safarini, mara anapoulizwa kama ni kweli alimtumikia Lord Darlington, anamkana, na nyumbani alikwisha kumkana mbele ya wageni wa Mmarekani. Mtumishi aliyedai kwamba fahari yake yote ni kumtumikia bwana mtukufu anamkana bwana huyo mbele ya watu asiowajua, kisha anakaa kutafuta sababu tukufu za kukana kwake. Wazee wa pwani wasingeliita jambo hilo staha. Wangeliita kwa jina lake.

Na wazee hao hao ndio waliosema kwamba mficha uchi hazai. Methali hiyo haiwaambii watu wavue nguo hadharani. Inasema kwamba pana mahala na pana mtu ambaye mbele yake kujificha ni kujinyima uzazi. Bi Kenton alikuwa ndiye mtu huyo, na jioni za kunywa kakao chumbani mwake zilikuwa ndizo mahala hapo. Stevens alizifuta jioni hizo kwa sababu mwenzake alionyesha uchovu usiku mmoja. Bi Kenton mwenyewe hakuwa malaika. Alijidanganya naye, aliolewa na Bwana Benn, kama anavyokiri baadaye, kwa kiasi kikubwa ili kumkera Stevens. Lakini yeye aliweza kulisema. Anamwambia Stevens kituoni, wakisubiri basi, kwamba zipo nyakati alizoyafikiria maisha ambayo angeyaishi pamoja naye, na kwamba amejifunza kumpenda mumewe. Uongo wake ulikuwa na mwisho, na kwa kuwa ulikuwa na mwisho umezaa: ana binti, na binti anatarajia mtoto.

Ishiguro hakuuchagua Julai 1956 kwa bahati. Tarehe 26 ya mwezi huo Gamal Abdel Nasser aliutaifisha Mfereji wa Suez, na kabla ya Januari 1957 kumalizika, Eden, yule yule ambaye Stevens alijigamba kijijini kwamba amekutana naye, alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu. Riwaya haiutaji mfereji hata kwa neno moja. Dola inaanguka nje ya dirisha la gari, na msimulizi anazisifu mandhari za Uingereza kwa ukuu wa kutojionyesha. Filamu imeihamisha safari hadi 1958, na kwa kufanya hivyo imelizima tanuri hilo bila ya kujua lilikuwa likiwaka.

Liko pia jambo dogo ambalo msomaji wa visiwani hatalipita haraka. Katika kijiji kile cha Devon yumo mtu aitwaye Harry Smith, mwanasiasa wa barazani, anayepinga kwa hamasa rai ya Stevens kuhusu hadhi. Kwake hadhi si ya mabwana; kila mtu huru anayo, na ndiyo sababu walipigana na Hitler. Ni maneno mazuri. Lakini mtu huyo huyo anamlaumu daktari wa kijiji kwa kutaka vinchi vidogo vidogo vipewe uhuru, na anasema kwamba hana elimu ya kumkosoa ila anajua tu kuwa daktari amekosea. Zanzibar wakati huo ilikuwa imo chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890, na ilikuwa ingali na miaka 7 ya kungojea, hadi Desemba 1963. Hivyo hata yule anayesimama kama mpinzani wa Stevens ana chumba chake asichokiwasha taa. Kujidanganya si maradhi ya watumishi wa kasri peke yao. Mtu anaweza kuupigania uhuru wake kwa damu, kisha akashindwa kuelewa kwa nini mwengine anautaka.

Imebaki miisho miwili. Kitabuni, Bi Kenton anapanda basi lake, na Stevens hana la kuandika. Riwaya imepangwa kwa siku za safari. Ipo siku ya nne, ipo siku ya sita. Siku ya tano haipo. Mtu ambaye ameandika juu ya kila sahani na kila kijiko hana neno juu ya siku iliyofuatia kupasuka kwa moyo wake. Jioni ya siku ya sita yuko Weymouth, peke yake gatini, amekaa karibu na mzee asiyemjua ambaye naye aliwahi kuwa mtumishi. Hapo ndipo anapolia. Na anachokililia si mwanamke peke yake. Anasema kwamba Lord Darlington angalau aliyafanya makosa yake mwenyewe. Yeye Stevens aliamini tu, akatoa vyote alivyokuwa navyo, na hawezi hata kusema kwamba makosa aliyoyafanya yalikuwa yake. Mgeni anampa kitambaa. Punde taa za gati zinawaka, watu wanashangilia, na Stevens anawatazama wanavyotaniana na kuzungumza. Anaazimia kurudi nyumbani akajifunze utani, ili amfurahishe tajiri wake mpya. Yaani ameuona ukweli kwa muda wa kupangusa machozi, kisha ameufunika tena kwa kazi. Msomaji hajui acheke au alie, na kutojua huko ndiko alikokusudia mwandishi.

Filamu haina mzee wa gatini. Taa zinawaka Bi Kenton akiwapo. Kisha kuna mvua, kuna basi, kuna mikono inayoachana. Baadaye, kasrini, njiwa ameingia ukumbini na anapigapiga mbawa; tajiri wa Kimarekani, ambaye filamu imemfanya kuwa ni Lewis, yule mwanasiasa wa mkutano wa zamani, anamtoa nje. Stevens anafunga dirisha, na kamera inapaa juu ya paa na kwenda zake. Njiwa huyo ni fumbo ambalo kila mtu analifumbua bila ya kutoa jasho: ndege huru, mtu mfungwa. Lakini Stevens hakufungwa na mtu. Hakuna tajiri aliyemzuia kugonga mlango, na hakuna sheria ya Uingereza iliyomkataza mtumishi mkuu kuoa. Dirisha alikuwa nalo umri wake wote, na ufunguo wake alikuwa ameutia mfukoni mwake mwenyewe.

Ishiguro alipotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2017, na alipofuatiwa mwaka 2021 na mzaliwa wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah, wasomaji wengi wa visiwani walivirudia vitabu vya wote wawili. Ni vyema iwe hivyo. Filamu ya 1993 na itazamwe pia, kwa ajili ya uso wa Hopkins na kwa ajili ya ule mkono unaoelea hewani. Ila asitokee mtu kusema kwamba akiiona hiyo amekwisha kuisoma riwaya, wala asiwape vijana kisa hiki kama mfano wa adabu njema. Mapenzi yaliyokosa kutamkwa husikitisha, na husameheka. Moyo uliokatazwa na mwenyewe usijue unachotaka, kisha ukaajiriwa kuwatumikia waovu bila ya kuuliza swali, huo hauitwi muungwana, hata ukivishwa kanzu nyeupe kiasi gani.